Aliyeitika Birikani

Nianze na kosa langu, nisije nikafika katikati nikaona haya nikaliruka. Nilimwita mtoto wa mwenzangu kwa mzaha, katika maji yasiyo ya kwetu, akaitika asiyekuwa yeye. Kisha nikaulizwa kama nimesikia, nikaapa kwamba sikusikia. Mzaha huenda Mwenyezi Mungu akanisamehe. Kile kiapo ndicho kinachoniamsha usiku, maana ndicho kilichomfikisha mtoto pale alipofika.

Jina lake la kwanza sitaliandika. Siku hizi anaitwa Jawahir, na hivyo ndivyo nitakavyomwita. Babake ni Awadh, mamake ni Afaf, nyumba yao iko Kibokoni.

Wakati wa vita mimi na Awadh tulichukuliwa Panyako, yaani askari wa kazi, watu wa kupakua meli na kuchimba vyoo, si wa kushika bunduki. Awadh aliondoka Mombasa mkewe ana mimba. Habari ya kuzaliwa binti aliipata jangwani, na jina la binti vilevile.

Mwezi wa nane, mwaka wa arobaini na tatu, tulipewa siku moja ya kupumzika. Lori likatushusha kwenye ghuba ndogo si mbali na Tubruku, katika ile bahari ya Mediterania. Mchanga wake ulikuwa mweupe, laini kama unga wa ngano. Miamba ilikuwa imeizunguka ghuba huku na huku, hata bahari ya nje ikivuma, ndani maji yalitulia kama yaliyo ndani ya sinia. Watembea, watembea, na bado hayajafika magotini. Ufukweni mwani mkavu ulikuwa umejirundika, wa rangi ya kahawia, kama makapi ya chai yaliyomwagwa, na harufu yake ilikuwa ya chumvi na ya kitu kilichofungiwa siku nyingi.

Awadh alivua viatu akasimama akitazama.

"Athmani," akaniambia, "kwetu sasa watu wanaoga mwaka."

Kwetu Siku ya Mwaka watu huteremka pwani alfajiri, wakaoga, mikosi ya mwaka uliopita wakaiacha baharini. Masheikh wengine hawaipendi ada hiyo, nami sibishani nao. Kina Awadh wana nyongeza yao: mwenye kuoga hujizamisha mara moja kwa nafsi yake, kisha mara moja kwa kila wa nyumbani asiyekuwapo, akimtaja jina. Ila mtoto ambaye hajaogeshwa katika bahari ya mji wake, huyo hatajwi. Mamake Awadh alikuwa akisema bahari ngeni ikilisikia jina kabla ya bahari ya kwao, italishika.

Basi akaingia. Mimi nikabaki mchangani nikila tende. Ilimbidi alale chali ili azame, kwa vile maji yalivyokuwa haba.

"Mamangu!" Akazama. "Afaf!" Akazama. Akainuka, akajipangusa uso, akaanza kurudi.

"We Awadh!" nikamwita. "Na bintiyo je? Ama si wako?"

"Nyamaza, Athmani. Huyo hatajwi."

"Hatajwi! Mwanamume mzima na ndevu zake, aogopa maji ya magotini!"

Nikacheka. Nikaweka viganja mdomoni nikaliita lile jina kwa nguvu zangu zote, kama mama amwitavyo mtoto dirishani magharibi ikiingia.

"Labeka."

Ilitoka upande wa miamba, ambako hapakuwa na mtu. Maji ya pale hayakufunika hata kifundo cha mguu, mchanga wa chini nikiuona. Ilikuwa sauti nyembamba ya mtoto wa kike, ya adabu, inaitika kama binti wa Kimvita anavyofunzwa kuitika. Na binti mwenyewe, kule Kibokoni, alikuwa mtoto wa kunyonya asiyejua kusema.

Awadh alisimama majini nywele zinachuruzika. "Umesikia?"

"Nisikie nini?"

"Athmani. Umesikia?"

"Wallahi sikusikia kitu."

Akanitazama sana. "Basi ni jua," akasema, akavaa viatu bila ya kujikausha.

Tulirudi Mombasa vita vimekwisha. Awadh akapata kazi kwenye ghala moja Shimanzi, mimi nikapata ukuli gati ya Mbaraki. Kila Ijumaa baada ya sala nilikuwa nikila kwao. Jawahir alikuwa amekuwa mtoto wa miguuni, mwenye maneno mengi na maswali yasiyokwisha, akiniita Ami Athmani na kunipekua mifuko kutafuta kashata.

Ijumaa moja nimekaa na Awadh sebuleni, Afaf akamwita mtoto kutoka jikoni.

"Labeka," ikaja sauti kutoka msalani, kule nyuma kwenye birika la kujengwa, la maji ya kuogea.

Papo hapo mtoto akaingia kwa mlango wa mbele, kutoka barazani, ameshika ganda la muwa.

Afaf akatokeza kichwa. "Ajabu! Waniitikia kule, watokea huku? Una mbio gani wewe?"

Tukacheka. Awadh alicheka mwisho, tena kidogo, akanitazama. Mimi nikatazama sahani yangu.

Tangu siku hiyo mambo yakaenda polepole. Afaf akiita, jibu lilikuja upesi zaidi, mpaka likawa laja kabla hajalimaliza jina. Ndani ya birika zikaanza kuonekana nyuzi za kahawia kama makapi ya chai. Afaf akalilaumu gudulia la mchota maji, akagombana na mchota maji mwenyewe, akalisugua birika kwa mchanga na ndimu. Kesho yake zimo. Msala ukaanza kunuka chumvi na kitu kilichofungiwa, harufu niliyoijua tangu kule ghubani. Na mtoto akaacha kuitika.

"Mbona nakuita huitiki?" mamake akamuuliza mbele yangu.

"Ameshaitika."

"Nani?"

Mtoto akaonyesha msalani kwa kidole. "Yule. Yeye aitika kwanza."

Afaf akamfunika mdomo kwa mkono. Jioni ile akachoma ubani nyumba nzima. Awadh alinifuata hadi njiani, akanishika mkono, akaninong'oneza:

"Athmani, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Siku ile kule, hukusikia?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Niliona nikikiri sasa nitakuwa mwongo wa miaka mitatu, na mla kiapo cha uongo, na chanzo cha yote. Nikasema, "Sikusikia, ndugu yangu. Mpeleke mtoto akasomewe, si lolote."

Hakumpeleka popote. Alidhani aliyepungukiwa na akili ni yeye.

Mtoto akazidi kunyamaza. Kwanza aliacha kuitika jina lake, kisha akaacha kugeuka akilisikia, kisha maneno mengine nayo yakafuata, moja moja, hata akawa hasemi kabisa. Hakuwa mgonjwa. Alikula, alilala, alikaa pembeni mwa birika pindo la kanzu yake limelowa. Afaf alikonda. Siku moja akaniambia, "Ami Athmani, nikimwita mwanangu sasa naogopa. Naogopa kuitikiwa, na nisipoitikiwa naogopa zaidi."

Kisha ikaja ile magharibi. Watoto walikuwa wakicheza kichochoroni. Adhana ikaanza, Afaf akasimama mlangoni akaita, na nyuma yake, ndani ya nyumba, sauti ikamwitikia. Alikuwa na haraka ya kusali. Akasema alhamdulillahi, keshaingia, akafunga mlango akatia komeo. Mtoto mwenyewe alikuwa nje, hana sauti ya kuita.

Mimi nilikuwa natoka msikitini. Nilipopita penye ngazi za kushukia pwani nikaona kitu cheupe chini, nikadhani ni nguo iliyosahauliwa, kisha kile kitu kikasogea, nikaona kuwa ni kanzu, na ndani ya kanzu ni Jawahir, amesimama ndani ya maji yaliyomfika magotini, ametazama bahari, na maji yale ya mlango wa bandari ambayo sijapata kuyaona yametulia tangu nizaliwe yalikuwa yamelala kimya kumzunguka, bila wimbi, bila povu, hata mchanga wa chini niliuona, mweupe, laini, mchanga ambao si wa Mombasa, nami kwa ujinga na kwa hofu nikafanya lile lile nililolifanya kule, nikamwita kwa jina lake, na yeye hakugeuka hata shingo, ila sauti ikaitika, "Labeka," kutoka chini ya nyayo zake, karibu, kwa furaha, kama mtoto aliyengoja siku nyingi kuitwa na mtu anayemjua.

Nilijitoma na nguo zangu. Nilipomnyakua alikuwa baridi kama samaki, na alikuwa mzito, kama kwamba chini kuna aliyemshika kwa adabu na hataki kuvuta wala kuachia. Nikapiga bismillahi kwa sauti kubwa mpaka akatoka.

Nilimfikisha kwao nimelowa. Afaf alifungua mlango, akamwona mikononi mwangu, akageuka kutazama ndani alikodhani yumo, akaanguka chini pale pale.

Alipozindukana, na Awadh amerudi kutoka msikitini, niliwaambia wote wawili. Sikuketi.

"Nilisikia, Awadh. Kule ghubani. Nilisikia kama ulivyosikia."

Awadh akaegemea ukuta. "Uliapa," akasema.

"Niliapa."

"Miaka yote hii nimelala na mke wangu nikidhani nina wazimu. Nimeogopa kumshika mtoto wangu."

Afaf alikuwa amembana mtoto kifuani. Alinena polepole, bila ya kupandisha sauti. "Na wewe wala wali wangu kila Ijumaa. Wasikia anavyoitika, kisha waniomba nikuongeze mchuzi."

Ni kweli, nilikuwa nikiongeza.

Asubuhi yake tulimwendea Mwalimu Taha, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani chuoni Bondeni, mzee wa maneno machache. Alikuja, akakaa msalani juu ya kigoda, kitambaa puani, akasoma Yasini yote. Alipomaliza akamwambia Afaf amwite mtoto.

"Labeka," ikasema birika.

Akasoma Ayatul Kursiyu, akarudia, na kurudia. Sauti ilingoja amalize. Ikiitwa, ikaitika.

Mwalimu akatoka anajifuta jasho. "Jini mbishi namjua, hupigana ukamshinda. Huyu hapigani. Huyu ni wa kuonewa huruma kidogo, na ndiyo maana namwogopa zaidi. Nani alimwita?"

"Ni mimi," nikasema.

"Ukamwambia ulimwitia nini?"

"Sikumwambia kitu, Mwalimu. Nilikuwa nafanya mzaha."

"Basi ndilo hilo. Ameitwa, ameitika, hajaambiwa alichoitiwa. Amefuata jina mpaka hapa ili aambiwe. Na kadiri anavyoitika yeye, mtoto hana la kuitika. Ingia ukamwambie kweli, kama ulivyo na uso wa kusema kweli. Na jina mwachie. Ukimnyang'anya, atataka badala yake."

Niliingia peke yangu, nikapiga magoti mbele ya birika. Maji yalikuwa meusi. Nikaliita jina, nikaitikiwa, karibu sana, hata pumzi ya chumvi ikanigusa uso.

"Nilikuita bure," nikasema. "Sikuwa na haja nawe. Nilikuwa namcheka mwenzangu. Nimekukosea wewe, na nimemkosea mtoto, na nimemkosea Mungu niliyemwapia. Jina ni lako. Rudi kwenu, tafadhali."

Kisha kikasikika kilio, si cha kutisha, kilio cha mtoto aliyeambiwa na wenzake hachezi nao. Kikapungua, kikapungua, na maji ya birika yakashuka nacho, ingawa hapakuwa na tundu, hata pakabaki chini mchanga mweupe wa kujaa kiganja.

Mwalimu Taha alimwadhinia mtoto sikioni kama aliyezaliwa siku ile, akampa jina la Jawahir. Afaf akamwita kwa hilo jina jipya, mara ya kwanza kwa kunong'ona. Mtoto akageuka.

"Labeka, mama," akasema, kwa sauti nzito ya mtu aliyelala sana. "Nina njaa."

Awadh hakunisemesha mwaka mzima. Sasa hunijibu salamu. Ijumaa nala kwangu.

Ningependa iishe hapo. Lakini mwezi uliopita, gatini Mbaraki, nilisali alasiri ukingoni, nikaomba dua. Nimezoea kumwombea mtoto yule kila sala. Moyo ulikuwa mbali, jina la kwanza likaniponyoka ulimini.

"Labeka," ikasema sauti chini ya gati.

Niliijua. Ila ilikuwa imekua. Haikuwa tena ya mtoto mdogo; ilikuwa ya msichana wa umri wa Jawahir sasa, mwaka kwa mwaka. Ikanyamaza, ikangoja. Nami niliinuka nikakimbia, sikumwambia nilichomwitia, na hilo ni kosa jingine nalitia juu ya yale.

Wako watu wa Kibokoni wanaolikumbuka jina lile. Kama wewe ni mmoja wao, nakuomba usilitaje, hata kwa wema, hata katika dua. Mwombee mtoto, lakini mwombee kwa jina la Jawahir.