Mistari Mitatu ya Jumamosi

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Hadia Fadlalla alifungua karakana ya Laini Saba akakuta kitabu cha majaribio kiko wazi mezani. Chini ya matokeo ya Ijumaa ya jiko namba mbili kulikuwa na mistari mitatu mipya: "Jumamosi. 8.00, jiko limezima. 9.10, limezima. 10.30, limezima."

Alikaa chini. Alikuwa meneja wa mradi huu wa utafiti kwa wiki tano tu, na saa nne kamati ingekuja kuchagua jiko moja la vumbi la mbao liendelee kuundwa: namba mbili, la Muia, fundi wa hapa Laini Saba, au la Ian, injinia wa karakana ya mtaa wa Kawangware 46. Lingine lingesimamishwa. Sheria aliiweka Hadia mwenyewe: kitabu ndicho kinachoamua. Sasa kitabu kilikuwa kimemgeuka Muia, aliyehangaika na jiko hilo miezi minane.

Mwandiko ulifanana na wa Muia. Lakini Hadia alijua jambo lililompandisha hasira. Jumamosi, kuanzia saa sita mchana hadi magharibi, jiko hilo lilikuwa mtaa wa Makina kwa shangazi yake Fatna, likipika pilau ya harusi. Halikuzima hata kidogo. Yeye mwenyewe alikula sahani mbili.

Wengine wenye ufunguo wa karakana walikuwa watatu: Muia, Ian, na Kanini, karani wa majaribio.

Kanini aliingia saa mbili kasoro robo.

"Ijumaa mligombana na Muia," Hadia alianza.

"Eh, tuligombana. Alinimwagia vumbi kwa chai ya asubuhi, maji ya jaribio lake yakichemka. Si hapo ameandika, 2.05?" Kisha akaona mistari mipya, akaguna. "Na hii? Saa nane mchana? Si jiko lilikuwa Makina? Mimi na Muia ndio tulilibeba!"

Muia alipofika aliisoma mistari hiyo mara mbili.

"Kama mnataka nitoke, semeni tu," alisema. "Lakini hilo jiko halizimi."

Ian alitokea saa mbili na nusu, shati limepigwa pasi.

"Niaje, Hadia. Tuko ready?"

"Jiko la Muia lilizima Jumamosi mara tatu. Umeona kitabu?"

"Zi, sijaona. Hiyo kitabu sijaifungua tangu Alhamisi. Pole, Muia. Hii baridi ya asubuhi hufanya vumbi ikatae kushika moto."

"Nani amekuambia ilikuwa asubuhi?"

Ian alicheka kidogo. "Si ni kutoka eight mpaka ten-thirty?"

"Kumbe umekifungua."

Hadia alimfunulia kurasa za nyuma: 2.05, 3.20, 1.40. Majaribio yote ya asubuhi.

"Muia huandika saa vile anavyozitamka. Hii ni saa mbili na dakika tano. Ndani ya kitabu hiki 8.00 ni saa nane mchana, na Kanini ameisoma hivyo bila kuulizwa. Ni wewe tu unayejua ni asubuhi, kwa sababu uliandika ukiangalia saa ya simu."

Ian aliketi.

"Jiko yangu huchukua dakika arobaini kuchemsha maji," alisema. "Nilijua leo inafungwa. Nyumbani kila mtu huniita injinia. Nishindwe na msee tu, fundi hajamaliza class eight?"

"Ungeniambia ni arobaini, tungekaa sote tutafute kosa liko wapi. Hiyo ndiyo kazi yetu, Ian, na jiko kushindwa si aibu. Leta ufunguo."

Saa nne kamili kamati iliingia, ikiongozwa na Bi Waceke. Hadia alieleza yote kabla ya kuulizwa.

"Basi hiki kitabu tutakiaminije?" Waceke aliuliza.

"Msikiamini. Muia, washa."

Maji yalichemka kwa dakika kumi na moja. Kanini alipiga vigelegele, na Hadia akaona fahari ambayo hakuwahi kuiona kwa kazi yoyote. Waceke alifungua ukurasa mpya, akatia sahihi kwamba jiko hilo ndilo liendelee kuundwa, akampa Muia kalamu ajaze jina la jiko. Miezi yote minane lilikuwa limeitwa "namba mbili." Muia alipangusa mkono kwenye suruali, akaandika kwa herufi kubwa: JIKO LA MUIA.