Mkate Wenye Alama Nne

Jumamosi nyumbani kwetu Jeddah huanza kwa mama kutafuta viatu vyake vya kazi. Mama ni muuguzi, na zamu ya asubuhi haimsubiri mtu. Kaka yangu Dancan hukunja nguo, mimi huosha vyombo, kisha saa tatu basi dogo hupita kutuchukua sisi watoto wa Kenya na Tanzania kwenda darasa la Kiswahili. Lakini Jumamosi hiyo nilikuwa na kazi moja zaidi, nayo ni kukanda unga wa mkate.

Mwalimu Selipher alikuwa ametupangia ziara ya kijiji cha kale nje ya mji. Nyumba zake za mawe zimekarabatiwa, na tanuri lake la kuni lingali linaoka mikate. "Zamani watu wa huku hawakuwa na tanuri nyumbani," alitueleza. "Kila mama alikanda unga wake, akautia alama yake, akaupeleka kwa mwokaji. Nasi tutafanya vivyo hivyo. Kila mtu akande kwa mikono yake mwenyewe."

"Maji yawe vuguvugu, Nekesa," mama aliniambia akiwa mlangoni. "Ukitia hamira kwenye maji moto umeiua. Na ukande mpaka mkono uchoke."

"Sawa, Mama."

Sawa hiyo ilikuwa ya mdomoni tu. Simu ilikuwa mkononi na filamu ilikuwa imefika patamu. Saa mbili na nusu ndipo niliposhtuka. Nikamimina maji ya birika yakifuka mvuke, nikatia hamira humo humo, nikaufinyafinya unga mara tano au sita na kuufunika kwa kitambaa. Nilijiambia kwamba utaumuka njiani. Mvivu hakosi la kujiambia.

Kwenye basi nilikaa na rafiki yangu Miriam. Alikuwa amepakata bakuli lake kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Nimeamka alfajiri," alisema. "Nimetia tui la nazi na iliki, vile mamangu alivyofundishwa Mombasa. Baba anarudi Riyadh leo alasiri. Huu mkate ni wake wa safari, ataupitia huko huko kijijini."

Nilimjua baba yake, Mzee Julius. Alikuwa fundi wa umeme huko Riyadh, akiishi mtaa wa Manfuha katika chumba kimoja na wanaume wengine watano. Jeddah alikuja mara moja kwa miezi miwili. Miriam alifunua kitambaa kidogo anionyeshe. Unga ulikuwa umeumuka hadi ukingoni mwa bakuli, laini, ukinukia vizuri.

"Na wako?" aliniuliza.

"Wacha ulale kwanza," nikasema, nikashikilia kitambaa changu.

Tanuri lilikuwa ndani ya chumba chenye kuta nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Mwokaji alikuwa mzee mwembamba aliyevaa kanzu iliyokunjwa mikono. Alitukaribisha kwa Kiswahili safi kabisa, tukabaki midomo wazi.

"Mnashangaa nini, wanangu? Mamangu kazaliwa Unguja. Mie niiteni Ami Yassir. Haya, yalla, wekeni unga wenu kwenye ubao, kila mtu atie alama yake, kisha mfunike. Moto bado haujatulia."

Alituletea sahani ya vitu vya kuwekea alama. Mimi nilichagua karafuu tatu. Miriam akachagua kokwa moja ya tende. Wenzetu walikuwa wakisukumana kwenye sahani, kwa hiyo hakuna aliyeuona unga wangu ulivyokaa pale ubaoni, bapa na mgumu. Niliufunika haraka huku uso ukinichoma.

Mwalimu Selipher alitutoa sote nje kuangalia kisima cha zamani. Ami Yassir alikuwa nyuma ya tanuri akipanga kuni. Nilisema nimesahau chupa yangu ya maji, nikarudi peke yangu. Naapa sikuwa nimepanga. Lakini vidole vyangu vilikwenda kama vinajua njia. Niling'oa karafuu zangu tatu, nikang'oa kokwa ya Miriam, nikabadilisha. Nikafunika tena, nikatoka mbio hadi kisimani.

"Umekosa kuona ndoo ikipanda!" Miriam alinilalamikia, akinishika mkono. Mkono wangu ulikuwa na unga wake kwenye kucha.

Saa moja baadaye Ami Yassir alianza kutoa mikate kwa ubao wake wenye mpini mrefu. Chumba kizima kilinukia. Mkate wa karafuu tatu ulitoka umevimba, rangi ya asali, na wenzangu wakapiga makofi. "Nekesa, we ni mpishi!" Dancan alipiga kelele kwa majivuno, kaka yangu maskini. Kisha ukatoka mkate wa kokwa ya tende. Ulikuwa bapa kama kigae.

Miriam aliutazama tu. "Lakini ulikuwa umeumuka," alisema kwa sauti ndogo. "Mwalimu, haki ya Mungu ulikuwa umeumuka."

"Moto wa kuni haujazoeleka, mama. Usilie," Mwalimu akambembeleza.

Ami Yassir aliumega mkate wangu wa uongo, akaunusa, akafumba macho. "Hebu niambie, bibie. Umetia nini humu?"

"Maziwa," nilisema. "Na sukari."

"Maziwa na sukari," alirudia taratibu. Aliukunjia kitambaa mkate ule, akauweka rafuni. Kisha akauchukua mkate bapa wa Miriam, akapitisha kidole juu yake, akamrudishia Miriam huku akinitazama mimi. Afadhali angenipiga kofi.

Hapo ndipo Mzee Julius alipoingia, begi begani. Mwenzake wa kazini alikuwa akimsubiri nje na gari ili wawahi basi la Riyadh.

"Haya, mamangu, uko wapi mkate wangu?"

Miriam aliuficha mgongoni. "Umeharibika, Baba. Utanunua mwingine njiani."

"Ninunue nini nami nina binti?" Aliuchukua, akauuma. Tulisikia meno yakigonga. Alitafuna muda mrefu, shavu likihangaika, kisha akatabasamu. "Mtamu. Huu utanifikisha Riyadh. Na wale jamaa wa chumbani nitawaambia, huu ni mkono wa Miriam."

Miriam akainamisha kichwa, machozi yakadondoka juu ya viatu vyake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mtu yule angekaa kwenye basi usiku kucha akitafuna uvivu wangu, tena kwa shukrani, na jina la mtoto wake likiwa juu yake.

"Si wa Miriam," nilisema.

Sauti haikutoka vizuri, ikabidi niseme tena. "Si wa Miriam. Huo ni wangu. Nilibadilisha alama."

Dancan alinitazama kama hanijui, na hilo liliniuma kuliko yote. Niliendelea kusema huku nikilia: filamu, maji moto, chupa ya maji, karafuu. Mwalimu Selipher alijishika shavu. Miriam aliuondoa mkono wake karibu na wangu, akaenda kusimama upande wa baba yake.

"Samahani, Miriam."

Akanigeuzia mgongo.

Ami Yassir aliuteremsha ule mkate wa iliki, akampa Miriam, naye akampa baba yake kwa mikono miwili. Kisha mwokaji akaniita karibu, akaushika ule wangu ulioumwa.

"Tazama. Kuna kokwa moja ya tende, na kuna matundu matatu ya karafuu. Unga uliokufa hauzibi tundu. Nimeona alama nne juu ya mkate mmoja, nikajua. Wenyewe husema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Basi aibu ya unga aijuaye ni mwokaji."

"Mbona hukusema, Ami?" Mwalimu aliuliza.

"Nilimwachia nafasi. Babangu kaoka hapa miaka arubaini, mji mzima ukimletea unga. Hakuna aliyesimama kuulinda ubao wake. Waliacha wakaenda zao, kwa kuwa kila mtu aliiheshimu alama ya mwenzake." Akanigeukia. "Mkate mbaya si aibu, mwanangu. Mie nimeunguza mingi. Utakanda mwingine. Lakini alama ya mwenzio ni jina lake. Ukiligusa jina la mtu, umemwibia kitu asichoweza kukikanda upya. Umesikia?"

"Nimesikia, Ami."

"Basi halas. Umesema mwenyewe, tena mbele za watu. Hilo nalo ni zito, nami nimeliona."

Mzee Julius aliangalia saa yake. Alivunja kipande cha mkate wangu, kwa nguvu, akakitia mfukoni. "Hiki nakwenda nacho. Nitakitia kwenye chai nikifika Manfuha. Mtoto aliyesema kweli mwenyewe hatupiwi mkate wake."

Kilichobaki nilikipeleka nyumbani. Mama alisikiliza kila kitu bila kunikatiza, kisha akakata vipande vitatu kwa kisu cha nyama. Tulichovya kwenye chai tukala hadi tukamaliza. Dancan alikuwa wa mwisho kunisemesha.

Miriam hakukaa nami kwenye basi Jumamosi iliyofuata, wala ile ya pili. Sikumlaumu. Ya tatu, kabla ya jua kuchomoza vizuri, nilikuwa jikoni na unga, hamira na birika, mlango ukagongwa. Alikuwa Miriam na mfuko wa iliki.

"Baba anakuja mwisho wa mwezi," alisema bila kunitazama. "Amesema anataka mikate miwili. Wa kwangu na wa kwako."

Aliingia, akatumbukiza kidole kwenye maji yangu.

"Bado ni moto," akasema. "Ngoja."

Nikangoja.