Kiganja Kilichokuwa Kikishuka Ukutani

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sioni haya kusema. Maisha yamenipiga makofi mengi; moja zaidi haliniui.

Kwetu Masoko ukungu huingia hadi uani bila kupiga hodi. Asubuhi moja nilikuwa nakwenda kukamua ng'ombe. Kando ya dirisha la binti yangu Lusungu nikaona viganja viwili vyeupe vimechapwa ukutani. Kimoja chini, kingine juu karibu na paa.

Kesho yake cha chini kilikuwa palepale. Cha juu kilikuwa kimeshuka upana wa kidole. Siku iliyofuata kikashuka tena. Kama mtu anayeteremka kutoka darini, polepole, kuelekea dirishani.

Na Lusungu alizidi kulegea. Yeye ni mchezaji wa karate. Jumamosi mwalimu wake angechagua wa kwenda kushindana Mbeya. Lakini teke lake sasa lilikuwa la ndama.

"Kuna mkono unamnyonya mtoto," nikamwambia mke wangu, Tupokigwe.

"Au uchovu," akajibu.

Sikumsikiliza. Jioni nikajificha migombani na panga. Ukungu ukameza nyumba. Kimya. Mara mkono mweupe ukachomoza, ukapiga ukuta, pa! Ukatoweka.

"Toka kwa jina la Yesu!" nikapiga kelele, nikajikwaa, nikaanguka chali.

"Baba?" ukungu ukauliza.

Alikuwa Lusungu, kiganja kimejaa chaki. Kando yake alisimama mwalimu wake, Aika, ameshika futi ya fundi nguo.

"Weka panga chini, baba Lusungu. Tunapima nguvu za miguu. Alama ya chini amesimama, amenyoosha mkono. Ya juu ameruka. Anaruka mara tatu, tunachukua iliyo bora, ya jana tunaifuta. Wiki iliyopita zilipishana sentimita arobaini na mbili. Leo thelathini na sita. Mateke ya sekunde kumi yalikuwa ishirini. Leo kumi na tano. Vyote vikishuka pamoja, miguu imechoka. Anafanya kazi gani nyumbani?"

Lusungu akatazama chini. "Baba ananipandisha kilima kila alfajiri. Na gunia la mchanga mgongoni."

"Ili awe ngangari!" nikasema.

"Misuli hupata nguvu ikipumzika, baba. Ng'ombe ukimkamua bila kumlisha, utapata nini?"

"Mateke."

"Mwanao hana hata hayo."

Nikamwaga mchanga. Siku nne Lusungu alipumzika, akala maharage na mayai, akalala vya kutosha. Kila jioni saa ileile, baada ya kupasha mwili moto, aliruka mara tatu tu. Kiganja kikaanza kupanda. Ijumaa kilipita alama ya kwanza: sentimita arobaini na tatu. Mateke, ishirini na moja. Jumamosi jina lake likaandikwa.

Lakini mimi sikubali kushindwa upesi. "Hata hivyo," nikamwambia Tupokigwe, "mchawi alikuwepo."

Hakuinua kichwa. Aliendelea kumenya ndizi.

"Alikuwepo. Ndiye aliyekuwa akimwamsha mtoto alfajiri abebe mchanga."