Khuê Nyuma ya Baiskeli

Kila asubuhi Khuê alimsaidia bibi yake kupanga mabakuli ya supu ya tambi ya kuuza mbele ya nyumba, akala bakuli lake upesi, kisha akashika njia ya shule kabla ya wenzake. Hata hivyo, kila siku aliingia darasani amechelewa.

Mambo yalianza siku mto ulipojaa hadi barabarani. Khuê aliburuta baiskeli majini, akafika kengele imeshalia. Wanafunzi wa ukaguzi, wenye vitambaa vyekundu mkononi, walilikata darasa lake, Saba B, alama. Jumatatu, bendera ilipopandishwa, Saba B ilitangazwa ya mwisho mbele ya shule nzima.

Tangu hapo hakuna aliyemsemesha. Jirani yake wa dawati alihama. Dũng, mwenye ulimi mkali, alipenda kusema kwa sauti kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wakati wa mapumziko Khuê alikula peke yake kando ya ukuta. Upweke ulimuuma sana, na nyumbani hakusema neno.

Ijumaa, kwenye kikao cha darasa, kiranja Bích Vân alisimama akaomba Khuê ahamishiwe Saba D. Darasa zima likainua mikono. Mwalimu Nhàn, mwalimu wao wa darasa, alisema atawajibu Jumatatu. Khuê aliinamisha kichwa mpaka kikao kikaisha.

Jumatatu mwalimu aliwahi kuliko kawaida. Alipokwenda kuegesha baiskeli yake, alimkuta Khuê amechuchumaa nyuma ya baiskeli za wenzake.

"Unasubiri nini hapa, mwanangu?"

"Nasubiri waingie wote, Mwalimu. Nikisimama uwanjani wananikimbia. Afadhali nichelewe."

Mwalimu Nhàn aliona haya, maana yeye mwenyewe alikuwa akimgombeza kila siku bila kumuuliza kitu. Alimwomba ruhusa ya kuwaeleza wenzake, na Khuê akakubali kwa kichwa.

"Maji yalimchelewesha Khuê siku moja tu," mwalimu aliliambia darasa. "Siku nyingine zote tumemchelewesha sisi. Mimi kwa kumgombeza, ninyi kwa kumsusa. Haendi Saba D."

Bích Vân aliona aibu, lakini alisimama.

"Kesho kabla ya kengele ni zamu yangu ya kufagia," alimwambia Khuê. "Njoo tufagie pamoja."

"Na huko nyuma ya baiskeli kuna mbu," Dũng akaongeza, bila kumtazama. "Utaumwa bure."

Khuê alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

Jumanne kengele ilipolia, Khuê alikuwa ndani, nywele zimejaa vumbi, anabishana na Bích Vân juu ya nani alifagia vibaya chini ya meza. Mwalimu Nhàn aliwaacha wamalize ubishi wao.

"Aliyekosea mvuteni karibu, msimsukume mbali," akaliambia darasa. "Mtoto akijua kuna anayemsubiri, huwahi."