Mjomba wa Mtoto Njiti

Saa ya kuona wagonjwa ilipogonga, mlango wa wodi ya watoto njiti ulifurika watu. Kinyozi alijipenyeza hadi kwenye sinki, shati jeupe limepigwa pasi, marashi yakimtangulia.

"Kaka, hayo marashi unayapeleka wapi?"

Aligeuka. Muuguzi mwembamba, sare ya buluu, saa imebanwa kifuani, macho hayana mchezo.

"Kwa mpwa wangu, sista. Dada yangu kalazwa ghorofa ya juu tangu apasuliwe. Mtoto hana mwingine ila mimi."

"Basi kaoge kwanza. Mapafu ya njiti si ya kuchezewa."

Akaenda, akarudi ananukia sabuni ya kufulia. Muuguzi alicheka mpaka akaziba mdomo, na moyo wa kinyozi ukaenda na maji.

Muuguzi akamlaza mtoto kifuani mwa kinyozi, ngozi kwa ngozi. Kilo moja na ushei, joto la kifaranga.

"Pumua taratibu, Mjomba. Anakufuata wewe."

Tangu hapo hakukosa alasiri hata moja, na jioni hakukosa kupiga simu.

"Sista, mwanangu anaendeleaje?"

"Kaongeza gramu ishirini. Wewe umekula?"

"Chakula hakipiti kabla sijasikia sauti yako."

"Nenda zako, mwongo mkubwa!" Lakini simu hakuikata.

Jumatatu moja kinyozi akakuta mashine ya joto ya mtoto iko tupu, shuka jipya limetandikwa. Muuguzi alipotokea mbio, hakumpa nafasi.

"Jana ulicheka nami kwenye simu! Kumbe unanificha, mtoto keshakufa!"

Muuguzi akamshika mkono, akamwongoza chumba cha pili. Dada yake alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani.

"Kaka, kelele za nini? Leo nimeweza kuinuka, ndiyo tukahamishiwa huku. Mashine hatuihitaji tena."

Kinyozi aligeuka kuomba radhi. Muuguzi alikuwa keshaondoka, machozi yanamlenga.

Siku nne hakupokea simu, na wodini alimkwepa. Siku ya tano akapokea, kinyozi akiwa kazini, mteja yuko kitini.

"Sista, ulimi hauna mfupa. Nisamehe."

"Ulinidhania mtu wa kuficha kifo? Nilikuwa nakimbia nikupe habari njema!"

"Niliona pale patupu, akili ikaruka. Nikakuumiza wewe niliyekuegemea."

"Wiki ijayo wanaruhusiwa kwenda nyumbani," akasema muuguzi, sauti imelainika. "Hutakuwa na sababu ya kunipigia."

"Ninayo. Nataka kuja kwenu nijitambulishe. Nikuoe."

"Mjomba! Baba yangu mkali kuliko mimi."

"Kwako nimeshazoea, kwake nitajikaza."

Kicheko kile kikamfikia tena sikioni. "Jumapili, basi. Njoo na dada yako, akusemee."

Kinyozi akabaki ameshika simu, anautabasamia ukuta. Mteja akajipapasa kichwa, upande mmoja una nywele, mwingine hauna.

"Hongera, bwana harusi," akasema. "Sasa nimalizie, na mimi nina mke nyumbani."