Uji Usioonjwa

Mzee Kasiano alikutwa amefia kitandani kwake, Makebuko nchini Burundi, Jumanne saa tatu asubuhi. Povu lilikuwa limemganda mdomoni. Kando ya mto palikuwa na kikombe cha bati chenye maua mekundu, na ndani yake uji wa mtama uliobaki haukuzidi kijiko kimoja.

Inspekta Zuena, aliyefika kwa pikipiki kutoka Gitega mjini, hakukimbilia kikombe. Alimtazama maiti kwanza, taratibu, kama mama anavyomkagua mtoto aliyetoka kuoga. Kucha zilikuwa zimekatwa. Shuka ilikuwa imefuliwa na kuchomekwa vizuri chini ya godoro. Akamgeuza. Miezi kumi na minne mzee alikuwa amelala na saratani ya tumbo, na mgongo wake haukuwa na kidonda hata kimoja.

"Nani alikuwa anamwangalia?"

"Ni ule alitoka ukimbizi Tanzania," akajibu Jovina, binti wa marehemu, ambaye huja kila Jumapili. "Emiliana, muke wa marehemu kaka yangu. Asubuhi wamemuona anakimbia barabarani, mikono mitupu. Baba alisema kila siku, huyu ataniua. Watu wote walimusikia. Na watoto wake, wasirudi hapa kwa shamba letu."

Kwamba watu wote walimsikia, hilo lilikuwa kweli. Jirani Venansi, ambaye ugo tu ndio uliomtenga na mzee, alisimulia bila kusita. Kila mgeni aliyeingia aliambiwa kwamba mkamwana anampa chakula kilichopoa, anamwibia sabuni, anasubiri afe arithi shamba. Uji ukiwa wa baridi mzee aliumwaga sakafuni. Ukiwa wa moto aliumwaga mkononi mwa aliyeuleta.

Tena hakumeza kitu, iwe maji, iwe kidonge cha hospitali, kabla Emiliana hajaonja mbele yake. "Sogongera!" alikuwa akipaza sauti. Ndilo neno la sherehe, mwenye pombe anapotangulia kunywa funda moja ili wageni waone ni salama. Mzee alikuwa amelifanya kiboko. Jovina akileta juisi ya ndizi, baba aliinywa bila kumwonjesha mtu, akashukuru kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

Hapo Zuena akakwama.

"Kama anaonja kila kikombe, mbona yeye hakufa?" akamuuliza Venansi.

"Labda alijifanya tu, inspekta."

"Mzee hakumuangalia?"

"Alimuangalia sana. Alimuambia fungua kinywa, mi nione kama umemeza."

Jumatano jioni majibu ya maabara yakatoka. Ilikuwa dawa ya kupulizia nyanya, tena nyingi. Ilikutwa ndani ya kikombe tu. Sufuria ilikuwa safi, na chupa ya juisi ya Jovina safi.

Alhamisi Zuena akapanda kwenda Muyinga, mkoa aliozaliwa yeye mwenyewe, mpaka Butihinda kwa bibi Theodosia, mama yake Emiliana. Hakuhitaji kumsaka mtu. Emiliana alikuwa ameketi nyuma ya nyumba akichambua maharage. Gauni alilovaa lilikuwa la mama yake, limempwaya mabegani. Mkono wa kulia ulikuwa na makovu ya moto, mapya juu ya ya zamani. Watoto wake wawili walikuwa wakicheza karibu. Bibi alisema walifika Jumamosi, wameletwa na mjomba wao.

Zuena akaomba kuona mizigo waliyokuja nayo. Bibi akatoa mfuko mmoja, akapanga vitu juu ya mkeka: kadi za chanjo, vyeti vya ubatizo, ripoti za shule, viatu vya kanisani, picha ya marehemu baba yao. Chini kabisa kulikuwa na vitenge vitatu vya Emiliana mwenyewe, pamoja na kile cha harusi, vimekunjwa vizuri.

Zuena alivitazama vitenge vile kwa muda mrefu. Mtu anayepanga kuua na kukimbia hujibakizia nguo ya safari. Huyu hakujibakizia hata moja. Hakuwa amepanga kwenda popote.

Akarudi kwenye maharage, akachuchumaa.

"Emiliana, ile dawa uliweka ya nani?"

Emiliana aliendelea kuchambua.

"Mi nakuuliza, dada."

"Yangu, afande."

Akasimulia bila kuinua macho. Mumewe alipokufa, ukoo ulimwambia akimwacha mzee, watoto hawana shamba. Akabaki. Kutukanwa alizoea. Alijiambia ni maumivu yanayosema, wala si mzee. Mkono ukiungua alipaka mafuta, akarudi kupika uji mwingine. Lakini Ijumaa aliwapakulia watoto maharage, na yule mdogo, wa miaka mitano, akasukuma sahani.

"Akaniambia, mama, onja kwanza. Babu amesema." Akatupa haragwe bovu pembeni. "Mtoto niliyemnyonyesha, afande. Nikaonja. Nikafungua kinywa, akaangalia."

Jumamosi akawaondoa. Jumanne akatia dawa kwenye kikombe, akijua ataambiwa asogongere kama siku zote. Angekunywa chote, afie mbele ya mzee, amwone.

"Akanyoosha mkono, akakichukua kikombe. Akasema, leo acha, umeonja vya kutosha, binti yangu."

"Alikuita binti yake?"

"Siku hiyo tu."

Zuena alishika kalamu bila kuandika. Alikuwa mpelelezi wa miaka mingi, na alijua sentensi moja inavyoweza kumrudisha mama kwa watoto wake baada ya muda mfupi, na nyingine inavyoweza kumzika gerezani. Watoto walikuwa wakicheka nyuma yake.

"Alikunywa mara moja," akasema polepole. "Ulishtuka. Hukupata hata nafasi ya kusema. Ni vile?"

Aliiuliza kama mtu anayemsukumia mwenzake mlango ulio wazi.

Emiliana akaacha maharage. Kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Hapana, afande. Uji ulikuwa wa moto. Aliupuliza mara tatu. Ya kwanza nikafungua mdomo. Ya pili nikaona mkono wangu huu. Ya tatu nikajiambia, sasa ndiyo unaniita binti yako? Nikanyamaza."

"Unajua nikiandika hivyo itakuwa nini?"

"Najua. Mwaka mzima alisema nitamuua, na ulikuwa uongo. Andika, dada. Mara tatu."

Zuena akaandika.