Sekela na Kupe wa Maharage

Sekela alikuwa na mstari wake mwenyewe wa maharage.

Ulikuwa mstari mfupi, nyuma ya jiko, huko Rungwe ambako mvua haichoki. Mama alipanda mistari mirefu. Sekela akapanda huo mmoja.

"Haya maharage ni ya nani?" Mama aliuliza.

"Ni ya Amba!" Sekela akajibu.

Amba alikuwa mdogo wake Sekela. Jina lake zima lilikuwa Ambakisye. Lakini jina lilikuwa refu na yeye alikuwa mfupi, kwa hiyo walimwita Amba.

Amba hakuwa na jino hata moja. Alikuwa na ufizi tu, wa rangi ya waridi. Alinyonya, akalala. Akaamka, akanyonya tena.

"Mama, Amba ataanza lini kula?"

"Akiweza kukaa mwenyewe bila kuanguka."

"Chakula chake cha kwanza kitatoka kwenye mstari wangu," Sekela akasema. "Usimpe cha mtu mwingine!"

Mama akacheka. "Sawa, bibi shamba."

Mama akamweka Amba kwenye mkeka.

Amba akakaa. Akayumba huku. Akayumba huku. Pu! Akaangukia mto.

"Bado," akasema Mama.

"Bado," akasema Sekela. Akakimbia kuyatazama maharage yake.

Maharage nayo, bado. Yalikuwa na majani tu.

Kila jioni, Sekela na Mama walimtoa mbuzi wao kupe. Mbuzi huyo aliitwa Madoa.

Kupe ni mdudu mdogo wa mviringo. Hung'ang'ania ngozi na kunywa damu. Sekela alikuwa hodari sana wa kutoa kupe. Alikuwa na wimbo wake:

"Kupe, toka! Kupe, toka!
Madoa si nyumba yako!"

Twi! Kupe akatoka.

Siku moja Sekela alikuwa aking'oa magugu. Akavuta. Akavuta. Fyuu! Lo! Likatoka shina zima la harage, pamoja na mizizi yake.

Sekela akaitazama ile mizizi. Ilikuwa na vitu vidogo vya mviringo. Vingi! Vilikuwa vimeng'ang'ania.

Macho yakamtoka Sekela.

"Kupe!" akasema. "Maharage ya Amba yana kupe!"

Hakumwita Mama. Mama alikuwa akimwogesha Amba. Na kazi ya kupe ilikuwa kazi ya Sekela.

Akalirudisha lile shina kwenye shimo lake. Akachuchumaa. Akafukua udongo polepole kwa vidole, shina la kwanza, shina la pili, na yaliyofuata.

"Kupe, toka! Kupe, toka!
Harage si nyumba yako!"

Twi! Twi! Twi!

Likabaki shina moja tu, lile la mwisho, karibu na ukuta wa jiko. Sekela akanyoosha mkono.

Ta! Ta! Ta-ta-ta-ta! Mvua ikaanza.

"Sekela! Ingia ndani, utalowa!" Mama akaita.

"Wewe zamu yako kesho," Sekela akaliambia shina la mwisho.

Lakini kesho yake akasahau.

Amba akakua. Mashavu yakajaa.

Mama akamweka kwenye mkeka. Amba akakaa. Akayumba huku. Akayumba huku. Akafikiri kidogo. Pu! Akaangukia mto.

"Bado," akasema Mama. "Lakini amekaribia."

Sekela akakimbia kuyatazama maharage yake.

Akasimama.

Majani yalikuwa ya njano. Njano huku, njano kule. Lile shina lililong'oka lilikuwa limekauka kabisa.

Shina moja tu lilikuwa la kijani. Lile la mwisho, karibu na ukuta wa jiko.

"Mama! Njoo uone!"

Mama akaja na Amba mgongoni. Akashika jani la njano. "Haya yana njaa," akasema. "Lakini hili hapa limeshiba. Mbona udongo ni mmoja?"

"Sasa Amba atakula nini?" Sekela akauliza.

Jumamosi akaja Shangazi Tupoki. Yeye alifanya kazi mahali wanapochunguza mbegu na udongo. Kwenye mkoba wake hakukosa kioo cha kukuzia vitu vidogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Mbona mdomo umevutwa hivyo? Angalia usije ukaukanyaga!"

Sekela hakucheka. "Maharage yangu yanakufa. Na kupe niliwatoa wote!"

"Kupe?"

"Ndiyo. Kupe wa kwenye mizizi."

Shangazi akamtazama Mama. Mama akamtazama Shangazi. Walitaka kucheka, lakini hawakucheka.

"Nionyeshe," Shangazi akasema.

Wakachuchumaa kwenye shina la kijani. Wakafukua udongo polepole. Sekela akaonyesha kwa kidole.

"Huyo hapo kupe!"

Shangazi akachukua kimoja tu. Akakiweka kwenye kiganja cha Sekela, akampa kile kioo.

"Kupe ana miguu. Huyu ana miguu?"

Sekela akakitazama juu. Akakitazama chini. "Hana."

Shangazi akakipasua kwa ukucha. "Ndani kuna rangi gani?"

"Ya waridi! Kama ufizi wa Amba!"

"Basi huyu si kupe. Hiki ni kinundu. Ni jiko dogo la harage. Na ndani yake mna wapishi wengi."

Sekela akasogeza jicho karibu zaidi. "Siwaoni."

"Ni wadogo mno. Mpaka tuwatazame kwa hadubini kule kazini. Wanaitwa bakteria."

Sekela akaficha mikono nyuma, haraka!

"Bakteria wanaleta ugonjwa! Mwalimu alisema tunawe mikono."

"Mwalimu alisema kweli. Wako wanaoleta ugonjwa, na mikono tunanawa. Lakini bakteria si wa aina moja. Hawa ni wapishi. Wanachukua hewa, hii hii tunayovuta puani. Wanaipika, inakuwa chakula cha harage. Harage nalo linawapa sukari."

"Wanapika hewa?"

"Wanapika hewa."

"Bila moto?"

"Bila moto, bila moshi."

"Hilo jiko nami nalitaka," akasema Mama.

Sasa Sekela akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka.

"Shangazi, mimi nimewafukuza wapishi."

"Ulidhani ni kupe. Ulitaka kuyasaidia maharage." Shangazi akampangusa chozi kwa kidole chenye udongo. Shavu la Sekela likapata doa. "Wapishi wengine bado wapo kwenye udongo. Unajua wanaingiaje nyumbani kwa harage?"

"Wanaingiaje?"

"Wanabisha hodi."

"Bila mdomo?"

"Bila mdomo. Harage likiwa na njaa, mizizi yake inatoa kitu kama harufu. Wapishi wanaisikia, wanasogea. Nao wanatoa kitu chao. Hiyo ndiyo hodi yao. Mzizi ukiitambua hodi hiyo, kinywele chake kinajikunja hivi."

Shangazi akakunja kidole chake, akakizungusha kwenye kidole cha Sekela. Akakishika.

"Kinamkumbatia mgeni. Kisha kinamkaribisha ndani."

Sekela akavitazama vile vidole viwili. Akasema polepole:

"Hodi, hodi, wenye mizizi?
Karibu, karibu ndani!"

"Hivyo hivyo!" akasema Shangazi.

Wakachota udongo miguuni pa shina la kijani. Huo ulikuwa na wapishi wengi. Sekela akaubeba kwa viganja viwili. Akauweka kwenye shina la njano, na jingine, na jingine. Wakamwagia maji.

"Nendeni," Sekela akanong'ona. "Nendeni mkabishe hodi."

Kisha akakung'uta mikono yake pale pale kwenye mstari. "Ninyi bakini shambani. Mimi naenda kunawa."

Akanawa kwa sabuni. Swi, swi, swi.

Asubuhi Sekela akalala kifudifudi, akaweka sikio kwenye udongo.

"Hodi, hodi, wenye mizizi?"

Kimya. Chungu mmoja tu akampanda puani.

"Apchaa!"

Asubuhi nyingine akaweka tena sikio. Kimya. Majani ya njano.

Nyumbani, Amba akakaa. Akayumba huku. Akayumba huku. Akakaa, akakaa, akakaa… Pu!

"Bado," akasema Sekela. Aliufurahia mto ule kuliko siku zote, maana maharage yake nayo bado.

"Mwanangu," Mama akasema, "maharage yangu yanaendelea vizuri. Amba akiwahi kukaa, tumpe ya kwangu?"

Sekela akatazama chini. Alitaka kusema hapana. Lakini Amba hakuweza kungoja na njaa.

"Akiwahi, mpe," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Akaenda kumtoa Madoa kupe, bila wimbo.

Mvua ikanyesha. Jua likatoka. Mvua ikanyesha tena.

Asubuhi moja Sekela akalala kifudifudi, akaweka sikio kwenye udongo. Akafungua macho.

Mbele ya pua yake kulikuwa na jani. Jani jipya, dogo kama ukucha wa Amba.

Lilikuwa la kijani!

Na shina la pili, kijani! Na la tatu, kijani!

"Mama! Wamekaribishwa! Wameingia! Wanapika!"

Mama akaja mbio, mwiko mkononi. Na yeye akalala kifudifudi, hapo hapo kwenye matope.

"Hodi, hodi, wenye mizizi?" akaita Mama.

"Karibu, karibu ndani!" akaitikia Sekela.

Kukaja maua meupe. Maua yakadondoka. Kukaja maganda, membamba kwanza, kisha manene.

Na siku moja, kwenye mkeka, Amba akakaa.

Akayumba huku.

Akayumba huku.

Sekela akausogeza mto.

Amba akautazama mto. Akamtazama Sekela. Hakuanguka.

"Mama! Amba amekaa!"

Sekela akakimbia kwenye mstari wake. Akachuma maganda, akayamenya. Pok! Pok! Pok! Maharage mabichi yakajaa kikombe.

"Si mengi," akasema.

"Na Amba si mkubwa," akasema Mama.

Mama akayachemsha mpaka yakalainika. Akayaponda, yakawa laini kabisa. Akampa Sekela kijiko. "Haya, bibi shamba. Mlishe mgeni wako."

Amba akafungua mdomo. Akafunga. Akakunja uso.

Pfffuu! Maharage yakaruka mpaka kwenye pua ya Sekela.

"Mama! Hayataki!"

"Anayashangaa tu. Mpe tena."

Sekela akampa tena, kidogo sana.

Amba akatafuna kwa ufizi wake. Nyam. Nyam. Akameza. Kisha akafungua mdomo, mkubwa kama wa kifaranga.

Sekela akamlisha mpaka kijiko kikakwangua bakuli. Kwa, kwa, kwa.

Jioni ikaingia. Madoa akalala. Sekela na Amba wakalazwa kitanda kimoja, chini ya blanketi zito.

Guru, guru, likasema tumbo la Amba.

"Mama, na humu mna wapishi?"

"Shangazi yako anasema wamo. Kila tumbo lina wa kwake."

Sekela akainama karibu na tumbo la Amba. Akanong'ona:

"Hodi, hodi?"

Amba hakuweza kusema karibu. Bado.

Lakini mkono wake ukapapasa, ukapapasa, ukakipata kidole cha Sekela. Vidole vyake vidogo vikajikunja, vikakizunguka, vikakishika.

Havikukiachia.

Wakalala hivyo hivyo.